Nyuzi Nne

Jumatatu ya kwanza baada ya mazishi, mlinzi wa kituo cha afya alifika kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama ilivyokuwa kawaida yake. Akafungua kufuli la geti, akafagia mbele ya benchi la kina mama, akalifuta benchi kwa kitambaa cha maji, kisha akaweka mezani kikopo cha namba. Namba zenyewe zilikuwa vipande vya boksi alivyovikata kwa mkono wake na kuviandika kwa kalamu nene. Kila mama aliyeleta mtoto kliniki alichukua kimoja, na kazi ya mlinzi ilikuwa kuhakikisha hakuna anayejifanya mtoto wake analia kuliko wa wenzake. Mpaka saa moja na robo alikuwa ameshatoa namba tisa. Saa moja na nusu mke wake akaingia getini.

Alivaa sare nyeupe ya uuguzi. Mlinzi aliitambua. Ilikuwa ile iliyobaki kwenye kamba uani, ambayo asubuhi alipoikosa alidhani imeibwa.

"Umeamkaje, Baba Kidoti?" mkewe akamsalimu.

"Salama. Wewe je?"

"Miguu tu."

Akapita. Wale kina mama tisa wakakunja miguu yao apate njia, na mmoja wao, aliyekuwa amehudhuria mazishi, akamwambia pole na safari.

Ndani, Sista Mkubwa, muuguzi aliyekaa pale miaka mingi kuliko wote, alitazama saa ya ukutani.

"Wiki nzima hujaonekana," akasema.

"Nilikufa, dada."

"Hilo nalijua, mchanga nimetupia kwa mkono huu. Lakini kitabu cha mahudhurio hakijui. Weka sahihi."

Akaweka. Mkuu wa kituo alifika saa nne, maana wakuu jua huwachomozea baadaye kidogo. Alipopewa habari akaagiza faili, akalipekua akiwa amesimama.

"Barua ya kuacha kazi ipo? Haipo. Ya likizo? Haipo. Taarifa ya kifo ipo, ila haijasainiwa, na wa kuisaini ni mimi." Akalifunga. "Basi yuko kazini."

Hakuonekana kusikitika. Alikuwa na upungufu wa wauguzi wawili, na sasa ulibaki wa mmoja.

Friji ya chanjo ilikuwa imekufa miezi kumi na minne kabla ya mke wa mlinzi. Ilikohoa siku mbili, ikamwaga maji sakafuni, ikanyamaza. Chanjo za watoto hazina makuu: zinataka baridi tu, kati ya nyuzi mbili na nane, basi. Zikipigwa na joto zinageuka maji matupu ndani ya kichupa, na mtoto anachomwa akalia bure. Kila kichupa kina kialama cha mraba kwenye lebo yake. Kikiwa cheupe, dawa ni nzima. Kikiiva kikawa cheusi, muuguzi anajua hapo hamna kitu.

Mke wa mlinzi aliandika barua ya kuomba friji nyingine. Mkuu hakuipeleka popote. Kituo chenye friji mbovu, alisema, kinaonekana kina mkuu mbovu. Badala yake akamwita Sista Mdogo, aliyekuwa ametoka chuoni juzi tu na hajajua kukataa, akamwagiza ajaze fomu ya joto iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Asubuhi nne, mchana nne, kesho yake nne, mpaka mwisho wa mwezi. Mwezi uliofuata ajaze yote tarehe moja asubuhi, asijisumbue kila siku. Sista Mdogo alikuwa na mwandiko mzuri. Fomu zikaenda ofisi kuu, ofisi kuu ikaona nne, nne, nne, ikasema friji ya kituo hiki ni nzima kuliko zote, na friji mpya zikapelekwa kwingine.

Siku za kliniki mke wa mlinzi alipanda basi la kwanza kwenda hospitali kubwa, akiwa na sanduku la bluu la barafu, akarudi na chanjo za siku hiyo mapajani. Siku alizoumwa, au basi lilipoharibika, Mkuu aliamuru vitumike vile vichupa vya kwenye friji iliyokufa. "Kina mama wameshafika," alisema. "Tuwaambie nini?" Kwa hiyo walikuwepo watoto waliochomwa maji na kadi zao zikagongwa muhuri. Surua ilipopita mitaani iliwapata hao hao wenye muhuri, na wawili hawakupona. Watu wakasema chanjo ndiyo inayoleta surua. Hakuna aliyetoka ofisini kuwaambia vinginevyo, kwa sababu kuwaambia vinginevyo kungekuwa kuwaambia habari za friji.

Siku aliyofariki, mke wa mlinzi alikuwa amekaa juani kituo cha basi, sanduku mapajani, akisubiri gari la kurudi. Moyo ukasimama. Waliomwokota walifungua sanduku kutafuta kitambulisho wakakuta barafu haijayeyuka. Akarudishwa hospitali kubwa, akakaa siku tatu katika chumba cha maiti, ndani ya friji. Friji ya wafu ilikuwa nzima. Mlinzi alipokwenda kumchukua aliisikia ikiunguruma vizuri, bila kukohoa, akasimama akaisikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mkewe. Hilo hakumwambia mtu.

Aliyegundua baridi yake ni Sista Mdogo. Jumatano ya wiki ile aliyorudi kazini, gari la ofisi kuu lilileta chanjo za mwezi, kama lilivyofanya kila mwezi, likashusha sanduku likaondoka. Barafu yake ingeisha kabla ya jioni. Sista Mdogo alipokuwa akipokea vichupa kutoka mkononi mwa marehemu, akasita. Akamshika kifundo cha mkono. Akaenda kuleta kipimajoto cha friji, akakiweka kwapani mwake, wakasubiri.

"Nne," akasema.

"Pima tena," akasema Sista Mkubwa.

Ikawa nne. Mchana ikawa nne. Kesho yake asubuhi ikawa nne. Sista Mkubwa akachukua shuka kuukuu la wodini, akashona aproni yenye mifuko midogo thelathini na sita, akamvalisha. Surua zikakaa kushoto, pepopunda kulia, matone ya polio kifuani. Akawekewa kiti katika chumba cha chanjo, ambacho hakina dirisha, na kipimajoto chenye waya kikachomekwa mfuko wa katikati, kioo chake cha namba kikaning'inizwa ukutani. Kikivuka nane kilikuwa kinalia. Kwa kuwa chanjo haziachwi peke yake, na kwa kuwa yeye na chanjo walikuwa sasa kitu kimoja, jioni wenzake walipotoka yeye alibaki kitini. Asubuhi walimkuta hapo hapo.

Sista Mdogo alibandika fomu mpya mlangoni. Kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne alisoma namba kabla ya kuiandika. Akaandika nne, akafuta macho kwa mkono wa sare, akaandika tarehe.

Habari haikukaa ndani ya kuta. Kufikia wiki iliyofuata kina mama walikuwa wameshampa jina: Sista Friji. Mlinzi aliyasikia yote, kwa sababu mtu wa getini ni kama kiti cha kinyozi, kila mtu anapita na lake.

"Afande," akaanza mama mmoja aliyeitwa Mama Pacha, ambaye alikuwa na mapacha wa miezi tisa, mmoja mbele mmoja mgongoni. "Hivi ni kweli dawa inakaa mapajani mwa maiti?"

"Mapajani, kifuani, na ubavuni mifuko sita."

"Wanangu mimi hawachomwi kitu kilicholala na marehemu. Sitaki."

"Hukuwaleta hata ilipokuwa inakaa kwenye friji."

"Friji lenu lenyewe lilikuwa maiti!"

Benchi zima likaangua kicheko. Alichosema yule mwanamke kilikuwa kweli tupu, na mlinzi mwenyewe angekisema kwa maneno mabaya zaidi kama si kibarua.

"Nenda kamwambie mwenyewe," akamwambia. "Yuko ndani. Haendi popote."

Mama Pacha hakuwa mtu wa kurudi nyuma mbele ya watu. Akaingia hadi mlangoni mwa chumba cha chanjo. Marehemu akamkaribisha, akatoa kichupa kimoja cha surua mfuko wa kushoto, akamwonyesha kile kialama.

"Mimi ndiye niliyekufa, mama. Dawa ni nzima. Ona mraba wake, mweupe."

"Na mwaka jana? Mtoto wa dada yangu alichomwa chumba hiki hiki. Muhuri upo. Tumemzika na kadi yake."

"Huyo alichomwa maji."

"Nani aliyesema achomwe maji?"

Sista Mkubwa, aliyekuwa mle ndani na Sista Mdogo, akaingilia kati. Akasema mambo ya ofisi hayazungumzwi mbele ya wateja. Mama Pacha akawatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, akawapandisha mapacha wake vizuri, akaondoka. Getini akarudisha namba kwenye kikopo. Ilikuwa kumi na saba.

Saa ya chai wauguzi walikunywa mle mle chumbani, marehemu akiwa kitini na kikombe ambacho hakukigusa, kwa sababu chai ingempandisha joto. Mlinzi alikuwa akifagia korido. Mlango ulikuwa wazi.

"Ukaidi tu," akasema Sista Mkubwa. "Hawa hawajaona surua. Mimi nimeanza kazi wodi ikiwa na watoto watatu kitanda kimoja. Leo mtu anasikia porojo sokoni, anakuja kunifundisha."

"Wangu hajachomwa," akasema Sista Mdogo.

"Wako nani?"

"Mwanangu. Ana mwaka na miezi miwili. Kadi yake niligonga muhuri mwenyewe, lakini sikumchoma."

Sista Mkubwa akaweka kikombe chini.

"Wewe! Muuguzi mzima! Huiamini chanjo?"

"Chanjo naiamini, dada. Fomu ndiyo siiamini, maana niliijaza mimi."

Marehemu akasema, kwa ile sauti yake ya kupanga foleni, "Mimi wangu nilimchoma." Akawasimulia habari za Kidoti, na mlinzi kule koridoni akaacha kufagia.

Kidoti alikuwa binti yao wa pekee. Alikuwa na kialama cheusi kidevuni, ndiyo maana ya jina. Mama yake wakati huo alikuwa muuguzi mgeni katika kituo kingine, ambako umeme ulikuwa umekatika siku nane. Mkuu wa huko naye alisema kina mama wameshafika. Muuguzi mgeni akachoma wote waliokuwa kwenye foleni, na wa mwisho akamchoma mwanawe mwenyewe, kuwaonyesha wenzake kwamba haogopi. Hakutazama mraba. Kidoti alifariki kwa surua akiwa na mwaka mmoja na miezi kumi. Mkuu yule alipandishwa cheo mwaka huo huo kwa kufikisha idadi. Mama Kidoti tangu hapo hakushika kichupa bila kutazama mraba kwanza. Baba Kidoti naye tangu hapo hakumpenda mtu yeyote anayekalia kiti cha kuzunguka.

"Sindano haikuwa na kosa," marehemu akamalizia. "Mlete mwanao kesho. Utaangalia mraba mwenyewe."

Kesho yake Sista Mdogo alikuja na mtoto mgongoni, akachukua namba kama watu wengine, akakaa benchini na sare yake. Ilipofika zamu yake akatazama mraba, akasoma kipimajoto, akamchoma mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto alilia kama watoto wote. Marehemu akatabasamu, na kioo cha ukutani kikapanda hadi nne na nusu, kikashuka.

Mwezi ukapita. Mlinzi alikwenda makaburini Jumapili, akakuta kaburi limebonyea katikati kama gunia lililotolewa nafaka. Akajaza udongo. Jumapili iliyofuata likawa limebonyea tena. Jumatatu akavua kofia, akagonga mlango wa Mkuu.

"Nimekuja kwa habari ya mke wangu. Ile taarifa ya kifo, naomba uisaini, akapumzike."

"Mzee wangu, unafikiri mimi napenda?" Mkuu akazunguka na kiti chake, kushoto, kulia. "Nikisaini leo, chanjo zinakaa wapi? Tuletewe friji kwanza. Siku friji ikiingia getini, kalamu naishika siku hiyo hiyo. Nakuahidi mbele ya Mungu."

"Imeombwa?"

"Iko kwenye mchakato."

Mlinzi alikuwa hajasoma sana, lakini neno mchakato alilijua. Ni chumba kingine kisicho na dirisha.

Alichokuwa nacho ni jioni. Saa kumi geti lilipofungwa, alianza kwenda kukaa na mkewe. Siku ya kwanza alivuta stuli karibu, akamshika mkono, akamweleza habari za nyumbani: koki inavuja, jirani kaazima ngazi hajarudisha. Mkewe akaegemeza kichwa begani mwake. Walikaa hivyo dakika sita. Kioo cha ukutani kikasoma tano, kikasoma sita, kikasoma saba. Saba na nusu, mkewe akanyanyua kichwa.

"Magoti yamelegea," akasema. "Baba Kidoti, nimemsikia."

"Umemsikia nani?"

"Mtoto. Yuko kama pale getini. Ananiita. Naona nikipata joto kidogo tu hivi, nasimama nakwenda."

"Nenda basi!"

"Na hizi?" Akajigusa mifuko.

Sista Mkubwa, aliyekuwa amerudi kuchukua mwavuli, akawakuta hivyo. Hakugomba. Alikuwa mjane na yeye. Akamwondoa mlinzi taratibu kwa kumshika kiwiko, akavikagua vichupa vyote thelathini na sita, miraba ikiwa bado myeupe, akaripoti asubuhi kama taratibu zinavyotaka. Mkuu akaamuru kwamba mume wa kifaa asikikaribie kifaa ndani ya mita mbili. Akataka uchorwe mstari sakafuni. Rangi iliyokuwepo ilikuwa ile nyeupe iliyobaki ya geti, na fundi aliyekuwepo alikuwa mlinzi. Aliuchora mwenyewe, kwa brashi ya inchi mbili, mkewe akimwelekeza mahali ulipopinda.

Tangu siku hiyo alikaa upande wake wa mstari kila jioni, mkewe upande wake.

"Unachoka?" alimwuliza.

"Nataka kulala chali tu. Kukaa kunaniumiza kiuno."

"Ulipokuwa hai ulikuwa unalalamika kusimama."

"Na wewe ulikuwa hunisikilizi. Sasa uko mita mbili, masikio wazi!"

Wakacheka, mkewe akiwa mwangalifu asicheke sana.

Mwezi wa tano friji ikaja. Ilikuja mchana, juu ya lori, ndani ya boksi jipya lenye mishale ya kuonyesha juu ni wapi. Mlinzi alifungua geti mabawa yote mawili. Akaisukuma mwenyewe hadi barazani na watu wa lori, jasho likimtoka, na walipokuwa wakipumzika aliweka kiganja juu ya boksi akakiacha hapo. Kisha akaenda chumba cha chanjo, akasimama kwenye mstari.

"Imekuja," akasema.

"Kubwa?"

"Kubwa. Nyeupe. Ina kufuli."

"Mwambie Sista Mkubwa waiache isimame saa kadhaa kabla ya kuiwasha," akasema mkewe, na akaanza kufungua kamba ya aproni, akaifunga tena, kwa sababu ilikuwa mapema.

Wenye lori waliuliza iwekwe wapi. Mkuu akaonyesha ofisini kwake.

Mlinzi akaingia bila kugonga.

"Mkuu. Ulisema."

"Nilisema, sikatai." Mkuu hakukasirika. Alichukua mafungu ya fomu, akayatandaza mezani kama mtu anayegawa karata. "Tazama mwenyewe. Nne, nne, nne. Mwaka jana nne, mwaka huu nne. Mwongozo unasema friji mpya inapewa chumba ambacho hakina kifaa kinachofanya kazi. Chumba cha chanjo kina kifaa. Hakijawahi kuharibika hata siku moja, na hakitumii umeme. Ofisini kwangu hamna kifaa. Sasa nikiihamishia kule nitaandika nini?"

"Andika kuwa amekufa."

"Kwenye fomu haionyeshi."

Jioni ile ile friji ikawashwa. Iliwekwa chupa za maji, soda za wageni, na juu kabisa trei ya barafu, kwa sababu Mkuu alipenda juisi yake iwe na vipande.

Wiki hiyo surua ikarudi mitaani. Ilianzia nyumba za nyuma ya soko, ikapanda hadi barabara ya lami. Alhamisi mlinzi alipofika kazini alikuta foleni imeshazunguka ukuta. Namba zikamwishia kwenye arobaini, akakata boksi lingine. Alipokuwa akitoa arobaini na moja akaona mkono anaoujua. Ni Mama Pacha, mmoja mbele, mmoja mgongoni, na safari hii hakuwa na maneno mengi.

"Mtoto wa jirani yangu kaoza macho," akasema. "Nipe namba, Afande. Huyo mkeo bado baridi?"

"Bado."

"Aendelee hivyo hivyo. Leo tu."

Mlinzi akampa namba. Kisha akafanya jambo ambalo alikuwa amelipanga siku tatu. Akaacha meza ya geti, akatembea koridoni, akawapita wauguzi wawili waliokuwa wakipanga sindano, akaingia chumba cha chanjo akafunga mlango kwa komeo. Akavuka mstari.

Mkewe alifungua mikono. Mlinzi akapiga magoti, akamkumbatia pamoja na aproni na vichupa vyake, akaweka shavu shingoni mwake. Baridi ilimwingia hadi kwenye meno. Alikuwa na joto la mtu aliyebeba maboksi na kusukuma watu foleni tangu alfajiri, akampa lote.

Nne na nusu. Tano.

Nje Sista Mkubwa akagonga. "Baba Kidoti, fungua. Tafadhali, shemeji."

Sita.

"Wanaujaza ulimwengu kwa fomu," mlinzi akasema shingoni mwa mkewe. "Waache wajichome wenyewe. Mimi na wewe tumeshatoa wetu."

Saba. Mkewe alianza kulegea. Alianza kuwa mzito, kama marehemu wengine.

"Namsikia," akasema. "Anacheka, Baba Kidoti. Ana meno mengine."

"Nenda."

Saba na nusu. Vichupa vilikuwa vikigongana kidogo kidogo kati ya vifua vyao.

"Foleni ina wangapi?" mkewe akauliza.

Mlinzi hakutaka kujibu. Lakini lilikuwa swali la kazi, na kazi yake ilikuwa hiyo.

"Arobaini na moja," akasema. "Wa mwisho ana mapacha."

Mkewe hakumwambia amwachie, wala hakumwambia asimwachie. Alimtazama tu, kama alivyozoea kutazama mraba.

Saba nukta nane mlinzi akafungua mikono. Akarudi nyuma mpaka mstari, kisha hatua moja zaidi. Kioo kikakaa hapo kidogo, kikaanza kushuka. Mkewe akanyooka kitini, akavuta pumzi ambayo hakuihitaji, akatoa kichupa cha kwanza mfuko wa kushoto, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mweupe," akasema. "Fungua mlango."

Walichoma mpaka saa tisa. Mapacha walilia kwa pamoja. Mama Pacha alitoka akapita getini, akamwambia mlinzi ahsante, akamwambia pia kwamba mkewe anaonekana amechoka, wangemletea mto.

Mwisho wa mwaka wageni wa ofisi kuu walikuja kukipa kituo cheti cha kutunza baridi vizuri kuliko vituo vyote. Walinywa soda ofisini kwa Mkuu. Walipelekwa kukiona kifaa, wakakisalimia, kikaitika. Mmoja akabandika kijikaratasi chenye namba ya mali kwenye bega la sare, akamwomba mlinzi aweke sahihi kwenye daftari la vifaa kama mwangalizi. Taarifa ya kifo bado imo ndani ya faili, na faili limo kabatini, na sehemu ya sahihi ni nyeupe. Kaburi linabonyea, mlinzi anajaza.

Siku hizi anafika kazini mapema kidogo. Funguo za vyumba vyote anazo yeye, na cha Mkuu pia, na Mkuu ni mtu wa saa nne. Mlinzi anafungua ofisi, anafungua friji mpya, anatoa trei ya barafu, anaimimina kwenye beseni la maji. Anakunja mikono ya shati, anaizamisha mikono mpaka viwiko, anasubiri. Vidole vinauma, vinawaka, kisha havisikii tena. Anarudishia maji kwenye trei ili yagande kabla mwenyewe hajaja kutaka juisi. Anakwenda chumba cha chanjo. Sista Mdogo akiwa zamu huwa anapata la kufanya upande wa pili. Mlinzi anavuka mstari, anakaa kwenye stuli, anamshika mkewe mkono.

"Umeamkaje, Mama Kidoti?"

"Salama. Wewe?"

"Koki nimeitengeneza."

Wanakaa. Kioo kinasema nne, kwa muda kinasema nne, halafu damu inaanza kurudi kwenye vidole vyake naye anaiona namba ikitikisika. Kabla haijafika tano anauachia ule mkono, anaurudisha mapajani penye mifuko. Anachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi mlangoni, anaandika nne mahali pa asubuhi, kwa mwandiko mbaya. Kisha anakwenda kufungua geti, ambako mwenye namba moja ameshafika.